Mguu wa Nne wa Feni

6 Februari

Mwanangu, Profesa wa mashine,

Salamu zikufikie wewe na mkeo. Huku hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua, ila bado linakubali kukanyaga pedali. Baba yako ni mzima kupita kiasi. Kanunua simu mpya, na tangu siku hiyo anaongea kwa spika katikati ya ua. Hata dobi wa nyumba ya tatu anajua presha yake ilivyokuwa jana. Ndiyo maana nampa kondakta wa basi barua hii. Nikikupigia, mtaa mzima utasikiliza na kutoa maoni.

Prosesa uliyonitumia, huo ubongo wa kompyuta, imefika. Uliandika kwamba nikiifunga, kompyuta yangu kongwe itakimbia kama kijana. Kweli tupu. Inakimbia kama kijana, na kama kijana inaondoka bila kuaga. Naiwasha, nafungua mchoro, mashine ya kudarizi inaanza kushona vizuri, mara skrini giza, mashine kimya, sindano imeganda juu ya kitambaa. Nimekufungia ushahidi humu ndani. Hiyo ni nembo ya shule, na huyo ni tai. Alipaswa kuwa na mabawa mawili. Nilipomwonyesha mwalimu mkuu, akaniuliza kama ndege wao amepigwa risasi.

Anataka nembo mia nne kabla shule haijafunguliwa mwezi wa tano. Kabla ya zawadi yako nilikuwa nashona polepole lakini namaliza. Sasa nashona haraka na simalizi. Asante sana.

Aliyeifunga ni fundi mmoja wa redio wa hapa mtaani.

Shangazi yako, mfugaji wa tai wenye bawa moja


19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua imefika na tai kafika salama, kadiri ya hali yake. Nimembandika ukutani kazini. Wenzangu wanasema ni nembo ya shirika la ndege lililofilisika. Unajua tunavyokaa: chumba cha chini kabisa cha hospitali, hakuna dirisha, kompyuta za wodi zote zinaletwa hapa zikiwa mahututi. Kwa hiyo tai wako ndiye kiumbe pekee mwenye rangi humu ndani.

Kwanza niitetee zawadi yangu. Prosesa ile niliijaribu mwenyewe siku mbili mfululizo kabla ya kuituma. Ni nzima. Tatizo liko huko, na ili nilijue nahitaji majibu, si vichekesho. Kompyuta inazima kabisa au inajiwasha upya? Kabla ya kuzima inaandika chochote kwenye skrini? Tangu uiwashe hadi izime ni dakika ngapi? Ukiiwasha tena papo hapo inadumu muda uleule au mfupi zaidi? Feni iliyo juu ya prosesa inazunguka? Ukigusa ubavu wa kasha kuna joto? Umebadilisha plagi? Kuna mashine nyingine kwenye soketi hiyohiyo? Na huyo fundi wa redio ni nani? Kompyuta si redio, Shangazi. Alipaka dawa mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni? Alikaza miguu yote minne ya feni? Nijibu moja baada ya jingine.

Mke wangu anataka nafasi hapa chini, ngoja nimwachie.

Mwanao

*Shangazi, shikamoo. Usikubali akuhoji hivi kama polisi. Mimi nimeshazoea, ila wewe bado unaweza kujiokoa. Nembo ni nzuri hata ikiwa nusu. — Mke wa Profesa*


3 Machi

Profesa,

Nimesoma maswali yako yote. Daktari aliyenitoa mawe kwenye nyongo aliuliza matatu tu, akanipasua. Mkeo mwambie nampenda, na kwamba maneno yake mawili yana akili kuliko ukurasa wako mzima.

Haya, majibu. Inazima kabisa, pwaa, kama mtu aliyezimia. Haiandiki kitu. Tangu kuwaka hadi giza ni dakika kumi na moja, nimepima kwa saa ya ukutani. Nikiiwasha papo hapo inadumu nne. Siku moja ya mvua, kulipokuwa na baridi, ilifika kumi na saba, nikaanza kuimba. Feni inazunguka. Ubavu wa kasha unachoma kama birika. Plagi nimebadilisha. Soketi haina kingine ila pasi, na pasi imezimwa.

Umeuliza fundi ni nani. Ni fundi. Mtaani wanamwita Fundi Kimya, kwa sababu ukimpa redio anaitikia kwa kichwa, na ukija kuichukua anakupa huku akiitikia kwa kichwa. Amekuja mara tatu. Kabla ya kugusa kompyuta ananawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha anatandika kitambaa chake cheupe mezani, na kila skrubu anayoitoa anaipanga kwa zamu ili irudi ilipotoka. Hapulizipulizi ovyo kama mafundi wengine. Alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Hilo halihusiani na kompyuta; nimelitaja kwa sababu karatasi ilibaki na nafasi.

Baba yako anauliza utakuja lini. Nimemwambia ukimaliza maswali.

Shangazi


21 Machi

Shangazi, shikamoo.

Huku sote wazima. Kazi ni nyingi, mvua pia.

Nimehesabu: kuhusu feni umeniandikia maneno mawili, kuhusu mikono ya fundi umeniandikia mistari mingi. Sitatia neno.

Ugonjwa nimeujua. Ni joto. Ikiwa baridi inadumu, ikiwa moto inakata mapema, na haiagi kwa sababu inajizima yenyewe isiungue. Prosesa mpya inatoa joto zaidi ya ile ya zamani, na feni inatakiwa iikandamize vizuri. Mwambie bwana huyo msafi afanye hivi. Atoe feni. Afute ile dawa ya zamani, itakuwa imekauka kama ugoro. Apake mpya, tone dogo kama punje ya mbaazi. Iko ndani ya bahasha hii, kwenye bomba mfano wa sindano. Kisha arudishe feni na kubana miguu yake minne. Kila mguu ukiingia unalia *ka!* Asikie *ka* nne. Akisikia tatu, asimame hapohapo.

Akifanya hivyo, kompyuta itapona na hutamhitaji tena.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Goti limetulia. Baba yako sasa anapima presha mara tatu kwa siku na kuitangaza.

Umepatia. Chini ya feni dawa ilikuwa imekuwa unga, na mguu wa nne ulikuwa umekaa tu juu ya tundu lake, haukuingia. Fundi Kimya aliutazama muda mrefu. Akasema, "Kosa langu." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza humu ndani, na ni maneno ambayo katika ukoo wetu sijawahi kuyasikia kwa mwanamume yeyote, wewe ukiwamo. Akapaka, akabana, tukahesabu pamoja: *ka, ka, ka, ka*. Kompyuta ikafanya kazi siku nzima. Nimeshona nembo mia mbili na thelathini, tai wote wana mabawa, mmoja hata nilimwona kama anatabasamu.

Sasa sikia. Kesho yake Fundi Kimya akapita kuangalia mgonjwa anaendeleaje. Nikamtilia chai. Baba yako akatokea mlangoni na simu mkononi.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Alikuja kwa ajili ya kompyuta."

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi na aende. Mwanamume haingii ua huu bila kazi."

Mbele yake, hivyohivyo. Yule mtu akaweka kikombe chini, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nina miaka hamsini na tatu, nina ujane wa miaka tisa, na kaka yangu ananilinda kama gunia la sukari ghalani.

Siku tatu baadaye kompyuta ikazima tena. Ikabidi aitwe. Ulisema imepona, mbona imerudi kulekule?

Na mkeo mbona hakuniandikia chochote chini ya barua yako?

Shangazi


27 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mke wangu yuko kwa dada yake kidogo. Tuko wazima.

Nimekaa na barua yako wiki nzima na imenikosesha raha. Kompyuta iliyofungwa vizuri hairudii ugonjwa uleule baada ya siku nne. Huenda ni pawa saplai, ile inayogawa umeme, labda imechoka haiwezi kuilisha prosesa mpya. Huenda ni kadi ya memori. Nimekutumia nyingine ya kujaribia. Lakini kubahatisha si kazi yangu. Naomba kila inapozima uandike siku, saa, na ulikuwa unafanya nini. Usiache hata moja. Hapa kazini huwa nawaambia manesi: mashine haina maringo, haina hasira, haina siku mbaya. Ukiona inafanya jambo, kuna sababu.

Pole kwa la baba. Unamjua.

Mwanao


16 Mei

Profesa,

Nembo mia nne zimekabidhiwa. Mwalimu mkuu alizihesabu mara mbili akitafuta kilema, akakosa, akanuna. Baba yako hajambo. Memori uliyotuma imefungwa, haikusaidia kitu.

Daftari lako hili hapa. Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa nashona mfuko wa mto. Jumatatu iliyofuata, saa nne na robo, nilikuwa nashona jina la mtoto kwenye shuka. Alhamisi tena, saa nne kasoro kidogo. Kisha wiki mbili za mwisho za nembo haikuzima hata mara moja, nadhani iliona aibu. Nilipokabidhi tu, Jumatatu, saa nne. Jana Alhamisi, saa nne na dakika tano. Kila mara Fundi Kimya amekuja, amefungua, amekaza, imepona.

Umeandika "kidogo". Kwa dada yake kidogo ni siku mbili. Mimi barua zako nazipanga kwa tarehe, na naona ni tangu mwezi wa tatu. Lakini mimi ni fundi cherehani tu, sijui kuhoji.

Shangazi


3 Juni

Shangazi, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Keti kwanza.

Nimelisoma daftari lako, nimechora jedwali, nimelitazama hadi macho yameniuma. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku baba anazokwenda kliniki ya presha. Hutoka saa tatu na nusu, hurudi saa saba. Kompyuta yako inajuaje? Pawa saplai haina kalenda. Na wiki mbili ulizokuwa na kazi ya watu, ikakaa kimya kama imeombwa.

Mguu wa feni ile haujifungui wenyewe. Nimejaribu hapa kwa feni ya aina hiyohiyo: nimeitikisa, nimeipasha moto, nimeibeba kwenye kigari cha mizigo cha hospitali kupita kwenye ngazi. Haukutoka. Unatoka kwa njia moja tu, mtu augeuze kwa kidole robo mzunguko. Kwa hiyo kuna kidole, Shangazi. Na kidole pekee kinachoingia ndani ya kompyuta yako kinanawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko.

Huyo mtu anakuchezea. Anakaza tatu na kulegeza mmoja ili aitwe tena. Anakufanya mjinga, na wewe unamtilia chai. Nimefanya kazi na mafundi miaka kumi na moja, hila hii ni ya kale kuliko kompyuta zenyewe. Usimruhusu aguse tena. Nikikosa jibu kufikia mwisho wa mwezi, nampigia baba, na aongee kwa spika akitaka.

Mwanao, kwa uchungu


13 Juni

Profesa,

Nimekaa. Nimesoma. Nikacheka hadi nikajichoma kidole kwa sindano, kwa hiyo doa hilo jekundu pembeni ni wewe umelisababisha.

Jedwali lako ni zuri sana. Siku umezipatia, saa umezipatia, mguu umeupatia, hata robo mzunguko umeipatia. Umekosea kidole tu.

Ni changu.

Nilimwangalia siku ile ya *ka* nne jinsi unavyogeuzwa. Si kazi ngumu, hata kwa mtu wa cherehani. Baba yako akitoka na kadi yake ya kliniki, nafungua kasha, nageuza mguu mmoja, nafunga, nawasha, naketi na kitambaa changu kusubiri giza. Kisha namtuma jirani akamwite fundi. Baba yako alisema mwanamume haingii ua huu bila kazi. Nikampa kazi.

Yeye aling'amua mara ya pili. Aliutazama mguu, akanitazama mimi, akaubana, akaenda kunawa mikono. Alhamisi iliyofuata alikuja na majani yake ya chai na tangawizi ndani ya karatasi. Tunakaa saa moja na nusu. Mara nyingine anaongea, tena sana. Amenieleza redio zote alizowahi kuzifufua, na nyingine alizoziua. Mara nyingine hatuongei. Hukumuuliza mtu huyu swali hata moja, ukamhukumu kwa jedwali.

Sasa ni zamu yangu. Umekaa mbali nami mwendo wa siku mbili za basi na umeona mguu wa feni uliolegea. Mwanamke uliyekuwa unalala naye chumba kimoja alikuandikia mwenyewe kwenye barua yako, kwa mwandiko wake, kwamba anahojiwa kama na polisi. Ukaifunga bahasha, ukampa kondakta. Uliisoma? Nami nisiambiwe tena "kidogo".

Ukitaka kumpigia baba yako, mpigie. Mimi sijavunja sheria yake hata siku moja.

Shangazi yako, mwenye kidole


5 Julai

Shangazi, shikamoo.

Sikumpigia baba.

Mke wangu aliondoka tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu. Hatukugombana. Alirudi kutoka kazini amechelewa, nikamuuliza ulikuwa wapi, na nani, tangu saa ngapi, kwa nini hukupiga. Nilikuwa sina hata hasira, Shangazi, ndivyo ninavyouliza. Akajibu yote, moja baada ya jingine. Kisha akaingia chumbani akatoka na begi. Nikamuuliza anakwenda siku ngapi.

Ule mstari wake niliusoma. Niliona ni utani.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa dada yake Jumapili. Tulikaa barazani. Nilijikaza nisiulize kitu, na kwa kuwa sijui kuongea kwa njia nyingine, tukanyamaza karibu saa nzima. Dada yake alichungulia mara mbili kuona kama tumekufa. Mwishoni nikamwambia kazini kuna nesi amemwagia chai kibodi akasema ni jasho. Alicheka kidogo. Kisha akasema hajui kama atarudi, na kwamba nisimuulize lini. Sijamuuliza. Nimekwenda tena Jumapili mbili.

Nimwombe radhi fundi kwa niaba yangu. Na usiuchoshe mguu ule sana, ni plastiki, utakatika.

Mwanao


29 Julai

Mwanangu,

Leo sikuiti Profesa. Endelea na Jumapili zako, na usitafute dawa ya haraka. Umeandika "nimwombe radhi", ukimaanisha mimi nimwombe. Hata kalamu yako inakwepa. Nilimsomea sehemu hiyo. Alisema, "Mwambie alikaribia."

Mguu umekatika. Ule ulionionya kuuhusu, barua yako ikiwa bado ndani ya basi. Jumatatu ile niliugeuza, *tak*, nikabaki na kipande mkononi. Fundi Kimya akafunga feni nyingine kabisa, ya skrubu za chuma, akakaza zote nne kwa bisibisi. Akaiwasha. Tukakaa tukiitazama. Dakika kumi na moja zikapita, ishirini, saa nzima. Ubavu wa kasha ukabaki baridi. Mimi nikasema, "Basi imepona." Yeye akaitikia kwa kichwa, akakunja kitambaa chake. Sijui nikueleze vipi jinsi kilivyochukua muda mrefu kukunjwa.

Alhamisi baba yako alikwenda kliniki. Nikawasha kompyuta, nikaanza kushona shuka za arusi za watu. Saa nne ikafika, ikapita. Ikaendelea kufanya kazi, mjinga yule. Sikumtuma mtu kumwita, kwa sababu gani?

Saa nne na nusu mlango wa ua ukagongwa. Amevaa shati lililopigwa pasi. Hana kisanduku cha vifaa, hana bisibisi, hana kitambaa. Nikamwonyesha kiti. Chai hata haijachemka, baba yako huyo, kliniki walikuwa na mgomo, wamewarudisha. Akasimama katikati ya ua, simu mkononi, na ndani ya simu rafiki yake wa kazini anaendelea kueleza habari za figo zake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Leo unatengeneza nini?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimwambie ni pasi. Fundi Kimya akanitangulia.

"Leo sitengenezi kitu," akasema. Hakuinuka, wala hakuinamisha kichwa. "Nimekuja kumwona dada yako."

Hata figo zilinyamaza. Kisha sauti ikatoka ndani ya simu: "Amesema amekuja kumwona nani?"

Mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu ainunue, baba yako alikata simu. Akaitia mfukoni. Alimtazama yule mtu, akanitazama mimi, na sijui aliona nini usoni kwangu, ila alivuta kigoda akaketi mbali kidogo, ameupa ukuta mgongo, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikamimina chai vikombe vitatu. Cha baba yako kikafurika kwenye sahani, hakulalamika.

Akanywa chote. Alipomaliza akakiweka chini.

"Na Jumatatu?" akauliza.

"Jumatatu pia," Fundi Kimya akasema.

Shangazi yako